Kitabu Alichosomewa Shangazi Kanak

Shangazi Kanak hamwamini mtu. Muuza maziwa akibisha hodi, yeye huchovya kidole kwenye kopo na kulamba kwanza, salamu ataijibu baadaye. Akiambiwa samaki ni wa leo, humfunua mashavu na kumnusa, kisha huonekana kama anataka kumnusa na muuzaji. Mimi nimeolewa katika ukoo huu wa wafumaji wa mji wa Phulia hadi mvi zimeanza kunitoka, na najua bado nachunguzwa. Mume wangu ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo huniita mkamwana, na neno hilo hulitamka kama askari anayesoma jina kwenye kitambulisho.

Simlaumu. Macho yake yaliingia kiza kidogo kidogo, na mtu asiyeona hudanganywa na kila mwenye mizani. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kilichoondoka hakirudi. Alifika nyumbani, akaketi kwenye gurudumu lake la uzi, akaendelea na kazi. Mkono mmoja unazungusha, wa pili unauongoza uzi ujae kwenye bobini, vile vijiti vya kuviringishia uzi, na bobini hizo ndizo zinazopelekwa kwa wafumaji wa sari. Mikono yake haijawahi kuhitaji macho.

Kilichomsumbua ni masikio kukaa bure. Marehemu mumewe, Nibaran Basak, alikuwa karani wa ushirika wa wafumaji, mtu mpole, mwenye kikohozi na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Shangazi hakusoma shule; aliolewa akijua kuandika jina lake tu. Basi maisha yao yote, baada ya wali wa mchana, mitambo ya kufumia ikinyamaza mtaani, Nibaran alikuwa akifungua riwaya aliyoiazima maktaba ya mji na kumsomea mkewe huku gurudumu likizunguka. Wanawake wa mtaa walikuwa wanamwonea wivu. Waume wao walikuwa wanalala na kukoroma.

Nibaran alipofariki, nyumba ikawa kimya hata mijusi ilisikika. Mimi ndiye niliyemwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Nilidhani atauliza kuna kitabu gani.

"Nani anasoma?" aliuliza.

"Shangazi, kuna wasomaji wengi. Sikiliza tu."

"Sikiliza tu, sikiliza tu. Nisikilize mtu nisiyemjua ananiambia mambo ya watu nisiowajua?"

Aliitumbukiza simu kwenye chungu cha shaba ili sauti ikue, akaanza kuwahukumu. Msomaji wa kwanza alikuwa na muziki nyuma yake, zeze na ngoma kila mtu akifungua mlango.

"Unaona huyo?" alisema. "Anapiga ngoma nisisikie anaporuka. Pale palikuwa na ukurasa mzima, ameumeza."

"Ameumezaje, shangazi? Ni pambo tu."

"Debe tupu ndilo linalovuma. Toa."

Wa pili alikuwa mwanamke, analia kabla mhusika hajalia. "Huyu anataka mimi nimwonee huruma yeye," alisema Shangazi, "sasa mjane wa kwenye kitabu atahurumiwa na nani?" Wa tatu alisoma laini mno, kila sentensi imenyooshwa kama shuka la hoteli. Shangazi alisikiliza muda mrefu, gurudumu limesimama, kichwa amekiinamisha.

"Huyu si mtu."

"Ni mtu, shangazi."

"Hamezi mate. Mtu gani anasoma habari ya mazishi tangu kufa hadi kuchomwa, na hamezi mate hata mara moja? Umeniwekea jini kwenye chungu changu."

Nilitazama maandishi kwenye simu, na kweli, chini kabisa kwa herufi ndogo walikuwa wameandika kwamba sauti ilitengenezwa na kompyuta. Nilinyamaza. Ukimpa Shangazi ushindi mmoja, wiki nzima hulali.

Kisha tukampata Tamal Sarkhel. Kijana wa Ranaghat, vituo vichache tu vya treni kutoka kwetu, anarekodi mwenyewe riwaya za zamani na kuziweka kwenye mtandao. Hakuwa na ngoma. Kurasa zilisikika zikigeuka. Alimeza mate, na mara moja alipiga chafya, akaomba radhi, akaendelea. Shangazi alicheka hadi bobini ikamponyoka.

"Huyu anakaa chini anasoma," alisema. "Hajipitishi mbele ya kitabu."

Kutoka kwake hiyo ni kama kuvishwa shada. Majirani walianza kuja na mikeka yao mchana. Shangazi alinenepa kidogo, hata akaanza kuniomba nimkaangie bilinganya. Nami nikafurahi, kusema kweli, maana mtu aliyeshughulika na kitabu hana nafasi ya kuuliza kwa nini dengu zangu zina maji mengi.

Ndipo Tamal akaweka ile riwaya ya mto.

Ni kitabu cha zamani, mwandishi wake alishakufa. Kinasimulia habari za mvushaji mmoja, mkewe, na binti yao mdogo aitwaye Bini, mtundu wa kijiji. Shangazi alipolisikia jina la Bini alipiga makofi. "Hiki nakijua!" alisema. "Nibaran alinisomea. Mkamwana, ngoja usikie huyu mtoto. Anaingiza mkono kwenye kibanda cha bata kutafuta mayai, nyoka anamuuma, kijiji kizima kinalia, halafu mganga anakesha naye. Alfajiri anafumbua macho, anaomba bisi za mchele na sukari guru!" Alikuwa anasimulia kama bibi anayemsifu mjukuu. Majirani walimwambia anyamaze, anawaharibia.

Matata yalianza mapema, kwenye sura ambayo mvua imezuia kivuko siku nyingi. Mke wa mvushaji anatoka jikoni, anamwambia mumewe, "Mchele unaongezeka." Tamal aliisoma kwa furaha, sauti imepanda kama mtu anayetangaza harusi.

Wanawake wote mikekani waligutuka. Kwetu hakuna mke anayetamka kwamba mchele umekwisha, maana Lakshmi, mungu wa kike wa neema, akisikia nyumba inajitangazia ufukara, anahama. Husema mchele unaongezeka, taratibu, bila kumtazama mume, na mume huelewa kwamba chungu ni kitupu. Na huyu kijana ameitangaza njaa kama mavuno!

"Ametoka wapi huyu?" Shangazi alifoka. "Mama yake alimlisha nini, mawe?"

Tangu siku hiyo alimsikiliza kwa jicho la pembeni, kama naweza kusema hivyo juu ya mtu asiyeona. Ndipo tukafika kwenye kibanda cha bata. Nyoka akauma. Mganga akaja. Na alfajiri, katika usomaji wa Tamal, Bini hakufumbua macho. Wanaume walikata migomba, wakafunga chelezo, wakamlaza mtoto juu yake na kuuachia mto, kama walivyokuwa wakifanya watu wa kale kwa aliyeuawa na nyoka.

Shangazi aliizima simu.

"Amemuua."

"Shangazi, labda ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndivyo ilivyoandikwa? Nibaran alinisomea kwa mdomo wake! Aliomba bisi! Huyu mtu hajui hata mchele unaongezeka maana yake nini, atajua nani kafa na nani kapona? Ameharibu kwa makusudi. Siku hizi watu wanapenda maiti."

Hoja yake ilikuwa na nguvu, sikatai. Aliyekosea pale mwanzo anaweza kukosea na mwisho. Lakini mimi pia nina moyo wa kushuku, pengine nimeambukizwa, na moyo wangu haukumshuku Tamal. Mtu anaweza kukosea sauti. Chelezo cha migomba hakuna anayekibuni kwa bahati mbaya. Nilianza kumshuku marehemu, nikaona haya kumfikiria hivyo mtu ambaye picha yake tunaivisha maua.

Maana nilijua jambo moja ambalo ukoo wote unalijua na haulitamki. Shangazi na Nibaran walikuwa na binti, Mithu. Alikufa kwa homa ya ubongo kabla hajaanza shule. Hawakupata mwingine.

Kwa hiyo Shangazi aliposema anataka kumpigia Tamal, nilimwambia simu haina chaji. Kesho yake nikasema mtandao mbovu. Keshokutwa akanyoosha mkono.

"Mkamwana, unanificha nini?"

"Sikufichi kitu."

"Unapumua kama mwizi wa kuku. Piga."

Kila mwisho wa kitabu Tamal hutaja namba yake na kuomba maoni. Maskini, nadhani hakutarajia maoni ya aina hii. Shangazi alimwita muuaji kabla ya salamu. Nilisikia kijana akiomba radhi bila kujua anaombea nini, na mwishowe akasema, "Mama, njoo nyumbani Ranaghat. Kitabu ninacho. Tukitazame pamoja."

"Nitakuja," Shangazi alisema. "Na shahidi wangu."

Shahidi alikuwa mimi. Njia nzima kwenye treni nilitafuta uongo wa kuusoma pale nitakapopewa kitabu, na kila uongo niliouvaa ulinibana. Mwanamke huyu alikuwa anakwenda kuhukumu baina ya sauti mbili, na hakuwaza kwamba anayemhukumu upande wa pili ni marehemu mumewe. Kama Tamal ni mkweli, basi Nibaran ndiye mwongo, na Nibaran ndiye mtu pekee duniani ambaye Shangazi hakuwahi kumshuku.

Tamal alikuwa mwembamba, kijana kuliko sauti yake. Alitukaribisha kwenye chumba kimoja chenye kabati kubwa la nguo, ndani limetundikwa mablanketi pande zote. Humo ndimo anamojifungia kusoma ili pikipiki za barabarani zisisikike. Shangazi aliyapapasa mablanketi, akagonga ubao wa kabati, akanusa.

"Kwa hiyo ndimo ulimomuulia," alisema.

"Mama, kunywa chai kwanza."

"Chai baadaye. Wewe ndiye uliyesherehekea njaa?"

Tamal alinitazama. Nilimweleza habari ya mchele. Masikio yalimwiva.

"Mama, nisamehe. Mimi nimekulia ghorofani, mchele unaletwa mlangoni kwa gunia. Nilidhani wamepata mavuno."

"Mavuno! Mvua imezuia kivuko, mume amekaa anakuna mguu, mavuno yatoke wapi? Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza. Nikaona pengine ni mke mwenye matumaini."

Shangazi alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kwa mtu mwingine. "Isome tena. Soma kama unamwambia mtu ana chawa, na wageni wapo."

Tamal alijaribu. "Umeongeza huzuni," Shangazi alisema. "Hana huzuni, ana aibu. Tena." Alijaribu tena. "Sasa unanong'ona kama jambazi. Mtoto yuko pale anasikiliza, lazima isikike kama maneno ya kawaida. Tena." Kijana alifumba macho, akasema maneno yale mawili kama anayeweka sahani chini. Chumba kikabadilika. Nilimwona kabisa yule mwanamke mlangoni mwa jiko, ukingo wa sari mkononi, anatazama sakafu.

"Enhe," Shangazi alisema. Akakaa. "Sasa tuje kwenye mauaji. Lete kitabu. Asisome yeye. Asome mkamwana."

Kabla ya kunipa, alikipapasa chote, jalada na mgongo, akapitisha kucha kwenye mshono kutafuta ukurasa uliobandikwa. Kilikuwa kimechakaa kihalali. Nikafungua sura ya kibanda cha bata. Ule uongo wangu wote wa kwenye treni ulinikimbia. Nilisoma vibaya, sauti kavu kama ya mwanafunzi aliyesimamishwa darasani, lakini nilisoma kilichopo. Mganga alikesha. Kulipokucha, alifunga mfuko wake wa dawa na hakuomba ujira. Wanaume wakaenda kukata migomba.

"Basi," Shangazi alisema.

Nikaacha hapo, kidole kwenye mstari. Tamal alitazama chai yake.

"Rudia alfajiri."

Nikairudia. Hapakuwa na bisi. Hapakuwa na sukari guru.

Halafu uso wake ukaiva kwa hasira, na nilifurahi kuiona, maana hasira yake naijua, nimeizoea.

"Mwongo," alisema. "Mzee mwongo yule. Miaka yote hii! Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nalamba maziwa ya watu mlangoni, kumbe mwizi nimelala naye kitanda kimoja! Na vingine? Vile vitabu vyote? Yule binti wa kadhi aliyerudiana na mchumba wake, alirudiana naye kweli? Yule mzee aliyepata shamba lake? Nimecheka na nimelia kwa maneno ya nani, mkamwana? Nieleze!"

"Sijui, shangazi."

"Hujui. Mimi pia sijui. Hilo ndilo alilonifanyia."

Tamal aliuliza polepole, "Mama, alikusomea lini kitabu hiki?"

Nilitaka kumkanyaga mguu. Lakini Shangazi alikuwa ameanza kujibu, na katikati ya jibu akapunguza mwendo. "Mwaka ule mama mkwe... Hapana. Ni baada ya..." Mikono yake ilishika magoti.

"Baada ya Mithu," alisema.

Jina lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Alikuwa ameacha kusoma," aliendelea, kama anazungumza na kabati. "Hakuleta kitabu hata kimoja. Mimi nilikuwa silali, sili, naketi kwenye gurudumu tu. Watu wakamwambia, msomee mkeo, atachanganyikiwa. Akaenda maktaba akachukua hiki. Hakujua mwisho wake, angejuaje? Tulipofika kwa mganga, akasimama. Akasema koo limekauka. Akanywa maji. Akatoka nje, akarudi, akanywa tena. Nikamfokea. Nikamwambia, mtoto yuko chini anakufa na wewe unakunywa maji, soma! Akasoma. Akasema Bini amefumbua macho."

"Ulifurahi?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Nililia kwa furaha hadi nikashikwa na kwikwi. Siku hiyo nililala. Hajawahi kusoma vizuri kama siku ile, mkamwana. Hakukwama hata neno moja."

Akageuza uso upande wa Tamal.

"Wewe ndiyo kazi yako. Mtu akisema hivi na kitabu kinasema vile, jicho linakuwa wapi?"

Tamal alisita. "Jicho hutangulia, mama. Mdomo unasema mstari huu, jicho limeshafika mstari wa chini. Haiwezekani kubadilisha usichokiona."

"Kwa hiyo alikiona chote."

"Alikiona chote. Pengine alikisoma kimya, alipokuwa anakunywa maji."

Hasira ilimtoka Shangazi nikiiona, uso ukabaki mtupu. Aliinamisha kichwa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo mno.

"Basi alimzika mara ya pili. Peke yake. Na mimi nimekaa ubavuni pake, nafurahi."

Nilimshika bega, naye, ambaye hashikwi na mtu, aliuacha mkono wangu pale. Tulisikia treni ikipita, na muuza mboga akibishana na mtu chini.

Baadaye alijifuta uso kwa ncha ya sari, akasukuma kitabu juu ya mkeka hadi kwa Tamal.

"Soma, baba. Kuanzia kwa mganga. Kama kilivyoandikwa, usiruke kitu."

"Una hakika, mama?"

"Soma."

Hakuingia kabatini. Alisoma pale pale sakafuni, mbele yake, pikipiki zikinguruma nje. Alisoma usiku wa mganga, alfajiri, mfuko wa dawa ukifungwa. Shangazi alisikiliza macho wazi. Walipoleta migomba, midomo yake ilianza kucheza. Kisha mama yake Bini akainama kumvisha mtoto bangili zake, na Tamal sauti ikamkwama. Alijaribu tena, ikakataa. Akaanza kuomba radhi.

Shangazi alipapasa sakafu hadi akaipata bilauri, akamsogezea.

"Usiwe na haraka," alimwambia. "Kunywa maji."